Kocha Aliyekataa Kumwacha Kipa Wake

Kocha amefariki. Habari hiyo ilinifikia kwa simu asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, na aliyeileta ni mwenyekiti wa timu ile ya Kawangware ambayo marehemu aliifundisha kwa miaka mingi kabla hawajakosana. Sauti yake ilikuwa ya huzuni iliyopigwa pasi. "Ndugu yangu, mzee wetu ametuacha. Ni presha. Alianguka hapo kwa bucha yake akihudumia mteja, kufika hospitali ikawa imeisha." Nilimpa pole. Akaongeza: "Sasa wewe unaandikanga vizuri. Andika kitu mzuri ya kumkumbuka, watu wasome. Lakini tusirudishe watu nyuma. Hiyo mambo ya Januari tuiwache, si ndiyo?" Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria, nimeenda Machakos kumzika na kurudi, na kadiri ninavyofikiria ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kwa hiyo wasomaji wa safu hii ya michezo wanisamehe leo. Sitaandika kitu kizuri. Nitaandika mambo ya Januari.

Kwa wasiomjua, Kocha alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mzaliwa wa Machakos aliyekuja Nairobi akiwa kijana kucheza beki katika ligi, na goti lilipomsaliti akafungua bucha kule Kongo, ndani ya Kawangware. Asubuhi aliuza nyama, jioni alifundisha mpira, na huku na huko alipiga kelele. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa na majivuno, alipenda kusimulia mechi alizocheza zamani na kila mwaka mechi hizo zilizidi kuwa nzuri, na sikumbuki hata siku moja alipomwomba refa msamaha. Mimi mwenyewe alinichamba mara nyingi. Kuna wakati niliandika hapa kwamba straika fulani wa timu kubwa ana kasi ya ajabu. Kocha akaniita kwenye bucha, akapigilia kisu kwenye gogo la kukatia nyama, akaniuliza mbele ya wateja: "Wewe ndiyo umeandika huyo kijana ako na mbio?" Nikasema ndiyo. "Mbio ya kwenda wapi?" Wateja wakacheka. "Mimi nimemwona. Timu ikifungwa anakimbia kwa laini, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Andika hiyo."

Nilimvumilia kwa sababu alijua kupima wachezaji huru kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye katika kazi hii. Mpira wetu wa mitaani haununui wachezaji. Timu kubwa ndizo zinazonunua. Sisi tunasubiri msimu uishe, mikataba iishe, timu kubwa ziwatupe wale zisiowataka tena, kisha tunawaokota. Kila mwisho wa mwaka utawaona wakizunguka viwanjani na mifuko ya viatu begani, wakisalimia watu ambao mwaka jana hawakuwasalimia. Kwa kuwa hawalipiwi ada ya kuhama, wengi huwaita wachezaji wa bure, na Kocha alilichukia neno hilo. Bure ni kitu kisicholipiwa, na bure ni kitu kisicho na maana, na viongozi wengi wa timu hawajui tofauti. "Sema huru," alikuwa akiwakatiza. "Mtu amekuja kwako na hakuna mtu amemlazimisha. Hiyo ni bure?" Wenzake walimpima mchezaji kwa jina lake, kwa magoli yake, kwa timu aliyotoka. Kocha alienda kumtazama siku ambayo timu yake inapigwa. Alitaka kuona mtu akikosea anamtazama nani. Akimnyooshea mwenzake kidole, Kocha alikung'uta suruali na kwenda zake kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Alisema siku ya ushindi huwezi kumjua mtu, maana siku hiyo hata mwizi anakumbatia watu.

Desemba ya 2007, wakati nchi nzima ilikuwa ikiimba siasa, kamati ya timu ilikutana nyuma ya bucha, mbele ya bakuli za supu, kuamua nani asajiliwe kwa msimu mpya. Nilialikwa kama mwandishi. Mwenyekiti, ambaye ana ploti kadhaa za kupangisha pale Kongo na ndiye aliyekuwa akinunua jezi na mipira, alimtaka yule yule straika wa mbio, ambaye mkataba wake ulikuwa umeisha na timu yake haikutaka kuufanya upya.

"Huyo ni jina," alisema. "Akivaa jezi yetu watu watajaa."

Kocha alimtaka kipa mmoja wa Lindi, kule Kibera, aliyeachwa na timu yake kwa sababu ya umri.

"Kipa mzee ni wa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Sisi tunafungwa dakika za mwisho kila Jumapili. Unajua kwa nini? Wanaogopa. Hakuna mtu nyuma wa kuwaambia waache kuogopa."

"Na huyo atawaambia?"

"Njoo umwone."

Mwenyekiti hakwenda. Nilikwenda mimi. Ulikuwa uwanja wa vumbi Kibera, hauna hata nyasi ya kumlisha mbuzi, na timu ya mtaa aliyokuwa akiichezea kipa ili asikae bure nyumbani ilipigwa vibaya mno. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na mikono iliyoonekana kama imeazimwa kwa mtu mwingine mkubwa zaidi. Kila alipofungwa aliufuata mpira mwenyewe, akaufuta vumbi kwenye kaptura yake, akamwendea beki aliyekosea, akamshika shingo na kumwambia neno ambalo sikulisikia. Beki aliinua kichwa. Baadaye yule yule beki akaokoa mpira uliokuwa unaingia. Kocha hakungoja mwisho. "Huyo," akasema, akaenda kutafuta soda.

Kipa alikubali upesi. Kazi ilikuwa kwa mke wake, msusi wa nywele aliyekuwa na kibanda mbele ya chumba chao Lindi. Timu yetu haikuwa na mshahara wa maana wa kutoa; kile ambacho mwenyekiti alikubali kutoa, baada ya Kocha kupiga kelele zake, ni chumba cha kukaa bila kodi katika mojawapo ya ploti zake Kongo. Mama yule alitusikiliza huku akiendelea kusuka kichwa cha mteja.

"Hapa Lindi watu wananijua," alisema. "Na hii siasa mnaiona. Huko Kawangware mimi nitajua nani?"

"Utanijua mimi," Kocha akamjibu.

"Na wewe ni nani?"

"Fika Kongo uulize ni nani anapigianga watu kelele. Utaletwa mpaka mlangoni."

Alicheka, mteja wake akacheka, na kabla ya Krismasi wakawa wamehama, yeye, mume wake na binti yao mdogo.

Sitataja makabila hapa. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuambiwa, na wa mbali inatosha ajue kwamba kipa alitoka katika kabila lililopigia kura upande mmoja, na vijana wengi wa sehemu ile ya Kongo, pamoja na mwenyekiti, walitoka katika kabila lililopigia kura upande wa pili. Kibera mambo yalikuwa kinyume chake, na huko nako watu walichomewa vibanda na kufukuzwa na majirani waliokuwa wakikopeshana nao chumvi. Hakuna upande uliobaki msafi, na anayekwambia upande wake ulibaki msafi usimpe mtoto wako amshike. Kocha, kwa kuwa mtu wa Machakos, hakuhesabiwa moja kwa moja huku wala kule. Hilo halikumfanya awe salama, ila lilimwezesha kupita mahali ambapo wengine wasingepita.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa moshi ulianza kupanda pande zote. Haukupita muda kikundi cha vijana kikafika asubuhi kwenye ile ploti ya mwenyekiti, wakiuliza wapangaji majina yao ya ukoo. Kipa alisimama langoni ili mke wake na binti wapate kutoka nyuma, palipokuwa na bati lililolegea. Miongoni mwa vijana wale alikuwapo winga wa timu yetu wenyewe. Siku chache nyuma winga huyo alikuwa akimpigia kipa krosi mazoezini, tena akimwita buda, yaani mzee, kwa heshima. Kipa alinieleza baadaye kwamba alipomwona alishusha pumzi. Alidhani amekuja kumtetea. Winga akawaambia wenzake: "Huyu ni kipa. Anzeni na mkono."

Walimlaza chini, wakaukanyaga mkono wa kulia juu ya jiwe la kizingiti na kuupiga kwa rungu. Wangeendelea na sehemu nyingine za mwili lau jirani mmoja asingekimbilia bucha. Kocha alikuja na aproni yake yenye damu ya mbuzi, mikono mitupu, kisu amekisahau kwenye gogo, akawaita mmoja mmoja kwa majina ya baba zao. "Wewe! Baba yako ananunua kwangu kila Ijumaa! Leo akikuja nimwambie nimekuona wapi?" Zilikuwa kelele zile zile tulizozizoea uwanjani. Vijana wakarudi nyuma. Sijui kama ni aibu, au ni mazoea tu ya kumtii mtu aliyewakimbiza kuzunguka uwanja tangu wakiwa wadogo.

Alimbeba kipa mpaka kwenye pikapu yake, ile yenye sanduku la bati la kubebea nyama kutoka kichinjioni, akamlaza ndani na kufunga mlango. Mke na mtoto aliwapandisha mbele, akamfunga mama leso mpaka kwenye macho na kumwambia asiseme neno lolote, maana lafudhi yake ingemfichua. Barabarani kulikuwa na kizuizi cha mawe na matairi yanayowaka. Vijana wengine, wasiomjua, wakamsimamisha. Wakataka kitambulisho, wakasoma jina, wakaona ni mtu wa Machakos. Mmoja akapiga sanduku kwa panga.

"Umebeba nini?"

"Nyama."

Wakamwachilia. Miezi mingi baadaye alikuwa bado analirudia neno hilo, tukiwa tumekaa kwenye bucha iliyokosa wateja. "Niliulizwa nimebeba nini, nikasema nyama. Na mtu ako hapo ndani anasikia." Nilimwambia neno hilo ndilo lililomwokoa kipa. "Najua," akasema. "Ndiyo maana nina hasira. Ningesema ni mtu, hangepita."

Hospitalini walikuta watu wamelala hadi kwenye korido. Mkono ulifungwa harakaharaka, na kutoka hapo familia ikaenda kulala kwenye uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu wengine waliokimbia makwao, wakipanga foleni ya uji. Niliwakuta huko. Kipa alikuwa ameketi kwenye gunia, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama timu imeanza mazoezi.

Timu ilikuwa imeanza. Januari haijaisha, mji bado unanuka moshi, kamati ikakutana Jumapili alasiri katika darasa moja la shule kupanga kikosi, na mimi nikaenda kwa sababu nilitaka kujua watasema nini. Mwenyekiti alifungua kwa maombi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya pasi, "Kipa tuachane naye. Si mimi, ni usalama. Vijana hawamtaki. Na isitoshe alikuwa wa bure, hatujapoteza kitu."

"Na winga?" Kocha akauliza.

"Winga amefanya nini?"

"Unajua amefanya nini. Kongo yote inajua."

"Wakati huo kila mtu alikuwa na hasira, Kocha."

Mweka hazina, mwalimu mpole wa shule ya msingi ambaye sikuwahi kumsikia akimtukana mtu, akaingilia kati huku anatazama dawati. "Tuangalie maslahi ya timu. Winga ni kijana, timu kubwa zimeanza kumuulizia, kesho anaweza kutusaidia. Huyo mwingine umri umeenda, na sasa mkono umeharibika. Ukilinganisha thamani ya hawa wawili..."

Hapo Kocha alisimama. Nimeona hasira zake nyingi, lakini ile haikuwa na kelele ndani yake. "Mimi ndiye nilimtoa huyo mtu Lindi," alisema. "Mke wake aliniuliza huku atajua nani. Nikamwambia atanijua mimi. Sasa nirudi nimwambie nini? Kwamba winga alivunja kipa mkono, halafu tukakaa kikao, tukaomba Mungu, tukaamua winga ndiye wa maana?" Akamgeukia mwenyekiti. "Winga akibaki, mimi siko."

"Usiwe hivyo, mzee," mwenyekiti akasema.

"Siko."

Walimwacha aende. Naomba msomaji alitafakari hilo, maana kikao kile kilikuwa cha watu wazima wenye watoto, wengi wao wazee wa kanisa. Walikuwa na mtu aliyepigwa na mtu aliyepiga, wakawalinganisha kama wanavyolinganisha viatu dukani, wakamchukua yule mwenye soli ngumu zaidi. Mwezi haukuisha kabla chumba cha kipa hakijapangishwa mtu mwingine, na sufuria na vitana vya mke wake kurundikwa nje ya lango. Kocha alikwenda kuviokota. Baada ya hapo watu wakaanza kuipita bucha yake. Hakuna aliyetangaza kwamba asinunuliwe. Walipita tu, wakanunua nyama mbele, na wengine waliacha hata kumsalimia.

Baadaye wakubwa wa pande zote mbili walikubaliana, wakagawana serikali, wakapigwa picha wakicheka. Tukaambiwa ni amani. Ligi ikarudi. Timu ya Kawangware, ikiwa na straika wake wa mbio ambaye hatimaye alisajiliwa kwa shangwe, na kipa mpya aliyekuwa akiuogopa mpira kama moto, ikapigwa kila wiki. Ndipo mwenyekiti alipomwendea Kocha kwenye bucha na kumwambia mambo yamepoa, yaliyopita yamepita, yule kipa wake anaweza kurudi sasa. Hakuuliza habari ya mkono. Labda alidhani mkono wa kipa hupona kama gurudumu linavyozibwa pancha. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanipigia simu. "Kuja twende Lindi na mwenyekiti," akasema. "Nataka uone."

Kipa na familia yake walikuwa wamerudi Lindi, kwenye chumba kidogo kuliko kile cha zamani. Mke alikuwa nje anasuka, na alipomwona mwenyekiti mikono yake ilisimama ndani ya nywele za mteja. Tulikaribishwa. Mwenyekiti akaanza hotuba: jinsi sote tulivyoumia, jinsi shetani alivyotuingilia, jinsi mpira unavyounganisha watu. Alizungumza vizuri, lazima niseme. Kipa alimsikiliza akiwa ameketi juu ya kitanda, mkono wa kulia ameuficha kwenye koti. Kocha akakata hotuba.

"Mpe mkono kwanza," akamwambia mwenyekiti. "Hujamsalimia."

Mwenyekiti akanyoosha mkono akitabasamu. Kipa akautoa wake. Vidole vilikuwa vimeungana vibaya, viwili vimejikunja kuelekea kiganjani na havifunguki, kidole gumba kimelala upande. Mwenyekiti aliushika kwa ncha za vidole, akauachia. Akautazama. Kisha akamgeukia Kocha, mbele ya mwenye mkono, mbele ya mke aliyekuwa amesimama mlangoni, na kusema: "Si ungeniambia mapema? Tungeokoa hii safari."

Mama yule ndiye aliyemjibu. "Umemaliza?" aliuliza. "Basi toka. Niko na mteja."

Nilimuuliza Kocha siku nyingine kwa nini alitaka tuende. Nilidhani alitaka kumwaibisha mwenyekiti. Akatikisa kichwa. "Nilijua akiona ataomba msamaha," alisema. "Nilikuwa na hakika kabisa. Mimi hupima watu, unajua. Huyo nilimpima vibaya." Alionekana mzee ghafla, na nadhani ndipo presha ilipomkamata sawasawa. Daktari alimwambia apunguze chumvi na kelele. Hakupunguza chochote.

Jumapili alianza kwenda Lindi. Kipa alikuwa akiwafundisha makipa wa timu ya mtaa ule, akiwapigia mipira kwa mguu na kuwakemea, na Kocha aliketi pembeni na soda, akimkosoa kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya reli. Msomaji asipumue kwa raha hapa, kana kwamba mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Kipa hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Hafanyi tena kazi za mjengo zilizokuwa zikimlisha msimu ukiisha. Mke wake anasuka tangu alfajiri hadi macho yanamuuma, kwa sababu ni yeye peke yake sasa anayeleta chakula. Na winga, ambaye hajaulizwa swali hata moja na mtu yeyote mwenye kofia ya serikali, amesajiliwa mwaka huu na timu kubwa. Nimesoma wenzangu wa kurasa za michezo wakimwita usajili bora wa msimu. Mmoja ameandika kwamba kijana huyu ana moyo wa simba. Nilikunja gazeti, nikashindwa kula.

Ndiyo kazi yetu sisi tunaoandika michezo: kumwangalia mtu na kutaja thamani yake. Huyu anafaa, huyu amechoka, huyu ni hasara, huyu kaokotwa kama lulu. Tunafanya hivyo tukiwa tumekaa, na hatupungukiwi kitu tukikosea. Tumezoea mno kiasi kwamba ilipofika Januari, mtu alipoulizwa jina la ukoo wake langoni na kuhukumiwa kwa jibu lake, wengi wetu tulikuwa na lugha tayari ya kueleza kwa nini mmoja ni wa maana na mwingine ni wa kuachwa. Mweka hazina yule hakuwa mtu mbaya. Alitumia tu maneno ambayo sisi tumemfundisha kila Jumatatu.

Machakos, Jumamosi, mwenyekiti alikuja na jezi ya timu akitaka itandazwe juu ya jeneza. Mjane wa Kocha aliitazama, akamwambia kwa utulivu aikunje airudishe kwenye gari. Mwenyekiti akapewa nafasi ya kuzungumza, kwa kuwa msibani hatumnyimi mtu, akasema marehemu alikuwa na jicho la kupima wachezaji ambalo Kawangware haitalipata tena. Watu wakapiga makofi. Kisha mjane akamwita kipa. Alikuja mbele na mke wake. "Mimi timu ilinisajili Desemba na ikaniacha Januari," alisema. "Huyu hakuniacha. Alikuwa anakuja kunitukana kila Jumapili mpaka hii iliyopita." Mke wake akamshika mkono, ule ule ulioharibika, wakarudi kukaa.

Mwezi huu kamati za timu zetu zimekaa tena nyuma ya mabucha na ndani ya madarasa, zikipima wachezaji ambao mikataba yao imeisha. Kila mwaka, baada ya msimu, tunauliza kama mchezaji huyu huru aliistahili timu iliyomchukua, na tunaandika kurasa nyingi juu ya hilo. Swali la upande wa pili hatuliulizi kamwe. Mtu anapokubali kuja kwako, anahamisha mke, anahamisha mtoto, anaacha mtaa anaojulikana na kukaa kwenye mtaa ambao anamjua mtu mmoja tu. Kuanzia hapo ni wewe unayepimwa, na kipimo chako hakiko uwanjani. Kiko langoni kwake asubuhi ile wanapokuja kumuuliza jina. Timu ya Kawangware haikumstahili kipa wake, wala haikumstahili kocha wake, na hilo sitalilainisha kwa sababu mtu amekufa na adabu inataka tuseme mazuri.